Kitabu cha mazoezi ya sentensi za Kiingereza kutoka Darajani, Zanzibar: kinunueni, ila msimuachie mtoto peke yake

Nianze na jibu kabisa maana najua wengine mnataka kujua tu mtoe pesa au msitoe. Toeni. Hichi kitabu kinasaidia, mie nnakitumia na mwanangu wa darasa la tano pamoja na watoto wa jirani wanaokuja kwetu jioni wakishatoka chuoni (madrasa), na kwa bei yake sijaona chengine kinachokikaribia. Ila kina kasoro, na moja katika hizo ni kubwa hasa kwa watoto wetu sie ambao nyumbani ni Kiswahili asubuhi mpaka usiku, kwa hiyo someni mpaka chini kabla hamjashuka mjini kununua.

Chenyewe ni kile cha saizi ya A4, jalada la plastiki linaloonyesha ndani, kimebaindiwa kwa springi nyeusi. Mie nimekinunua elfu nane, dukani kwengine mtaa huohuo wanataka elfu kumi. Msitafute jina la mtunzi wala kampuni, hakuna, ni karatasi za mazoezi za Marekani watu wa stationari wamezishusha kwenye intaneti wakazipanga wakapiga kopi wakauza. Kazi yake ni moja tu, kumfundisha mtoto atambue sentensi ni ya aina gani na aifunge kwa alama gani. Taarifa inafungwa kwa nukta, swali kwa alama ya kuuliza, mshangao kwa alama ya mshangao, na amri inafungwa kwa nukta au kwa alama ya mshangao kutegemea imesemwaje. Basi. Kwa mtu mzima ni jambo la dakika tano lakini kaeni na mtoto muone, si jambo la dakika tano hata kidogo.

Kurasa za mwanzo zimepangwa vizuri sana. Kila mstari una sentensi imeachwa wazi mwishoni na pembeni kuna kiboksi, mtoto anatia alama halafu kwenye kiboksi anaandika herufi ya aina ya sentensi. Hivyo viwili kwa pamoja ndo uzuri wake. Mtoto akitakiwa kutia alama tu anabahatisha, alama zenyewe ziko tatu, akibahatisha tu anapata nyingi, lakini akitakiwa aseme na aina inabidi arudi aisome sentensi yote. Watoto wetu wengi wana tabia ya kutia nukta pale mstari wa daftari unapoisha, si pale maneno yanapoisha, au wanaandika ukurasa mzima hamna nukta hata moja mpaka chini kabisa, na nnavyoona mimi hii haitoki kwa kukaripiwa, inatoka kwa mazoezi kama haya ya kurudi na kurudi.

Sehemu nnayoipenda kuliko zote ni ile ya tatu, ya aya zilizoondoshwa alama zote. Sentensi nne tano zimebanana hakuna nukta hakuna herufi kubwa, mtoto ndo azikate. Mie zilipoisha nikawatungia zangu za mtindo huohuo, mfano niliwaandikia hivi: "the rain has stopped where is my bag bring it here what a long day". Yule mdogo wa jirani akatia nukta moja tu mwisho kabisa. Nikamwambia isome kwa sauti, akaisoma mbio mbio kama anasoma orodha ya vitu vya dukani. Nikamwambia tena, pole pole, hapa nani anamwambia nani? Akasoma "the rain has stopped" akanyamaza mwenyewe. Akatia nukta. Akasoma "where is my bag", sauti ikapanda, akaniangalia usoni, akatia alama ya kuuliza. "Bring it here" akaisoma kwa sauti ya mama'ake kabisa, sote tukacheka, nukta. Ilipofika "what a long day" kalamu ikaanza kuchora alama ya kuuliza kwa sababu kaona "what". Hapo ndo penye shughuli na hapo ndo kitabu kinapomwacha mtoto njiani.

Maana kitabu kinawaambia watoto watafute maneno ya kuulizia mwanzoni mwa sentensi, "what", "where", "how", "who", ukiliona basi ni swali. Kwa kurasa kumi za mwanzo inakubali. Halafu sentensi za mshangao zinaingia na zenyewe nazo zinaanza kwa "what" na "how", na kitabu hakisemi neno lolote. Mtoto anapata kosa hajui kosa ni la nini. Jawabu lenyewe liko kwenye mpangilio wa maneno na ni jepesi kulieleza, kwa hiyo nnaliandika hapa mulitumie. Angalieni hizi mbili:

"How fast is the boat?"
"How fast the boat is!"

Maneno ni yaleyale matano, hakuna lililoongezwa wala kupunguzwa. Kwenye swali "is" imetangulia mbele ya "the boat". Kwenye mshangao "the boat" imetangulia na "is" imebaki nyuma. Na kwa "what" ni rahisi zaidi, ikifuatwa na "a" au "an" halafu kitu, kama "What a big octopus", mara nyingi ni mshangao, ikifuatwa na kitenzi kama "What is that" ni swali. Nimewaandikia watoto hizo mbili za boti kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya meza, na mwanangu siku hizi akikwama anainua macho anazitazama zile "is" mbili halafu anaendelea. Hii ilitakiwa iwe kwenye kitabu, ukurasa mmoja tu ungetosha.

Sasa ile kasoro kubwa niliyosema. Kitabu kimetungwa kwa watoto ambao Kiingereza ni lugha ya mama zao, kwa hiyo kuna kitu hakikuona haja ya kukifundisha. Sie kwa Kiswahili swali tunalifanya kwa sauti. "Asha yupo nyumbani." "Asha yupo nyumbani?" Ukiandika ni sentensi ileile, umebadilisha alama tu. Basi mtoto wetu anafanya hivyohivyo kwa Kiingereza, anaambiwa ageuze "Asha is at home" iwe swali, anaandika "Asha is at home?" anafurahi kamaliza. Anakatwa. Na maneno ya kuulizia kwetu yanakaa mwisho aghlabu, "unakwenda wapi", "umenunua nini", kwa hiyo anaandika "You are going where?" nayo anakatwa.

Na si kwamba wazungu hawaongei hivyo, wanaongea. Mzungu akishangaa kusikia Asha yupo nyumbani ilhali alijua kasafiri atasema "Asha is at home?" vilevile. Na nendeni Nungwi au Forodhani mukawasikilize vijana wetu, "You want boat?" "You like juice?" na wageni wanaelewa na biashara inakwenda. Lakini kwenye mtihani zoezi la kugeuza taarifa kuwa swali linataka mpangilio ubadilike, "Is Asha at home?", na kama hakuna "is" wala "can" wala "has" ya kuitanguliza basi inaitwa "do" au "does" au "did" kuja kufanya hiyo kazi. "She sells fish" inakuwa "Does she sell fish?" na ile s ya kwenye "sells" inahamia kwenye "does". Ikiwa ni "did" kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo, "Did you go", si "Did you went". Hichi kitabu sehemu ya kugeuza sentensi kimeweka ukurasa mmoja na nusu tu, hakuna maelezo, mifano miwili juu kisha mazoezi. Kwa mtoto wa Marekani inatosha kwa sababu anasikia kutwa nyumbani. Kwa mtoto wa Jang'ombe au wa Wete haitoshi, kwa hiyo mzazi au mwalimu wa tuisheni lazma akae hapo kwa muda mrefu, mie nilikisimamisha kitabu kabisa tukafanya sentensi za kwetu za sokoni na za skuli mpaka zikawakaa ndo tukaendelea.

Kuna na maswali yaliyojificha ndani ya taarifa au amri. "She asked where the market was" inaisha kwa nukta, ingawa mna "where" na mna kuuliza ndani yake, kwa sababu sentensi yenyewe haiulizi, inatoa habari kwamba mtu aliuliza. "I wonder what time the boat leaves", nukta. "Tell me where you live", nukta, hiyo ni amri. Kitabu kinazo chache sana, nimezikuta tatu nne zimetupiwa mwishoni. Na hizi ndo muhimu kuliko zote kwa watoto wetu, na nitawaambieni kwa nini. Hapa Zanzibar sera ya elimu ya mwaka 2006 ilitaka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na fungueni daftari la sayansi la mtoto muone maswali yameandikwaje. "Explain how rain is formed." "State what plants need." "Find the value of x." "Draw a triangle." Tunayaita maswali lakini kwa Kiingereza hayo ni amri, yanaanza na kitenzi na yanafungwa kwa nukta. Mtoto aliyezoea kuangalia alama ya kuuliza ili ajue kaulizwa anaipita "Explain how rain is formed" kama vile ni habari anapewa, au anajibu neno moja wakati kaambiwa aeleze. Mie nimeliona hili kwa macho yangu kwa mtoto wa jirani, karatasi ya sayansi kaacha wazi sehemu zote zisizokuwa na alama ya kuuliza, na vitu vyenyewe anavijua, nilipomuuliza kwa mdomo alinieleza mvua mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo mukifika sehemu ya amri kwenye kitabu msipite mbio kwa sababu inaonekana rahisi, chukueni na daftari la sayansi liwekeni pembeni mutafute amri humo.

Majibu yako nyuma, hilo zuri, lakini msiyaamini yote. Kwenye amri majibu yanatoa alama moja tu kana kwamba nyengine ni kosa. Wameandika sentensi kama "Stop" wanataka alama ya mshangao tu, wakati "Stop." na "Stop!" zote ni sahihi, inategemea unamwambia mtu kwa utulivu au mtoto anakimbilia barabarani. Mtoto akitia nukta na akaweza kueleza kwa nini, mpeni alama yake. Halafu "Could you open the window" wameiita amri wakaifunga kwa nukta. Mie sikubaliani nao. Ni kweli mtu anaomba afunguliwe dirisha, haulizi uwezo, na kwenye barua za kiofisi utakuta watu wanafunga ombi la namna hiyo kwa nukta, lakini umbo lake ni swali na mtoto wa msingi afundishwe kuifunga kwa alama ya kuuliza, akishakuwa mkubwa atayaona hayo mengine.

Na sentensi za "I love mangoes!" wameziweka zote kwenye mshangao. Hapa walimu wenyewe hawakubaliani. Uingereza mwaka 2016 wizara yao ya elimu ilitoa maelekezo kwa mitihani ya watoto wadogo kwamba sentensi ya mshangao lazma ianze na "what" au "how", kwa hiyo kwao "I love mangoes!" ni taarifa iliyotiwa alama ya mshangao, haihesabiki. Wamarekani wao wanaikubali. Skuli zetu zinafuata zaidi mkondo wa Uingereza, kwa hiyo muulizeni mwalimu wa mtoto anataka vipi, msije mukambishania mtoto na mwalimu wake kwa ajili ya kitabu cha kopi.

Hilo la Umarekani linaonekana na kwengine. Nukta wanaiita "period", watoto wetu skuli wanaijua "full stop", waambieni mapema ni kitu kimoja. Sentensi zimejaa theluji na maboga ya sherehe zao na dola, mwanangu alikwama kwenye sentensi moja si kwa alama, kwa sababu hajui hicho kitu kinachoelezwa ni nini, na hapo unapoteza muda kueleza theluji badala ya kufundisha. Nimetamani sana walimu wetu wakae watunge kitabu hikihiki kwa karafuu na boti na urojo na mpira wa Gombani, uwezo upo, walimu wazuri wa Kiingereza tunao.

Uchapaji sasa. Hapa nina lawama kwa wachapaji. Nakala yangu ya kwanza wino ulikuwa hafifu kurasa za katikati, na kwenye kitabu cha nukta jamani nukta ndo zilizopotea! Alama ya kuuliza imebaki ndoana tu chini hamna kitu, alama ya mshangao imekuwa kama namba moja, na sentensi za mifano zenye nukta zinaonekana kama hazijafungwa. Mtoto kanakili kama alivyoona, daftari zima namba moja mwisho wa sentensi. Nilikirudisha dukani, kijana wa hapo hakubishana, akanipigia kopi upya zile kurasa akanibadilishia hapohapo, nashukuru kwa hilo. Kwa hiyo mukinunua fungueni katikati, angalieni mifano kwenye mwanga, nukta zionekane nyeusi, hazionekani rudisheni palepale.

Kitu kimoja kitabu hakina na kinawahusu watoto wa chuoni. Vitabu vyao vya Kiarabu alama ya kuuliza imegeukia upande wa pili, kwa sababu maandishi yanatoka kulia. Wadogo wanachanganya, wanachora ya Kiarabu kwenye daftari la Kiingereza. Wala si kosa la kumtisha mtoto, mwandikieni kubwa ukurasa mzima aifuatishe kwa kidole, inatoka haraka. Na wale wakubwa wenye simu wanaotia mshangao mitatu minne, waambieni kwenye mtihani ni mmoja tu.

Kwenye ukurasa wa mwisho kabisa wa mazoezi, wengi hawafiki huko, kuna kitu kizuri sana ambacho hata mie nilifurahi kukikuta, sentensi zinazoishia kwa ufupisho. "The boat leaves at 7 a.m." Ile nukta ya mwisho inafanya kazi mbili, haiongezwi nyengine. Lakini ikiwa swali, "Does the boat leave at 7 a.m.?", nukta inabaki na alama ya kuuliza inaongezwa mbele yake. Watoto walibishana hapo karibu jioni nzima na ubishi ule ulikuwa mtamu kweli, mtoto wa darasa la tano anabishania nukta, mashaallah.

Kwa nani kinafaa: darasa la nne mpaka la sita, na wale wa sekondari ambao msingi uliwapita. Wa darasa la pili na la tatu bado, sentensi ni ndefu kwao na maandishi ni madogo. Kama mna watoto wawili nyumbani msinunue viwili, nunueni kimoja na mwambie mtoto aandike kwenye daftari si kwenye kitabu, aandike sentensi nzima na alama yake, kuandika sentensi nzima kunamfundisha zaidi kuliko kutia kialama pembeni na kitabu kinabaki kwa mdogo wake. Wa Pemba nimeambiwa na mama mdogo aliyeko Chake kwamba huko hakipatikani kwa urahisi, yeye kamuagiza mtu Unguja akamletea kwa boti, lakini stationari yoyote yenye printa na mashine ya kubaindi inaweza kuwatolea, nendeni na nakala ya mwenzenu mupige kopi ila mwambieni fundi atie wino mpya kwanza.